Lango Moja, Mifongo Mingi

Fundi alinipa simu yake akasema, "Hesabu, mzee wangu." Tulikuwa kwenye korido ya jengo la ghorofa tatu mjini Moshi, saa nne asubuhi, mlima umeshajifunika mawingu. Kwenye kioo majina ya waifai yalikuwa yamejipanga kama vibao vya stendi: la utawala, la uhasibu, la walimu, la wanafunzi, la wageni, la bodi, la kamera, moja linaitwa "mpya" na jingine "mpya2". Tisa. Akanyoosha kidole darini, kwenye kisahani cheupe ambacho mafundi wanakiita AP. "Yote tisa yanatoka hapo hapo. Aisee, huu mtandao umekuwa Memorial. Kila mtu anaita wateja."

Memorial ni soko letu la mitumba, na aliyewahi kupita pale anaijua ile hali ya kusikia sauti mia na kutoelewa hata moja. Nilidhani ni utani tu. Akanikalisha kwenye ngazi, akachukua risiti ya duka la vifaa na kunipigia hesabu nyuma yake.

Kila jina la waifai lazima lijitangaze. AP inapiga mbiu karibu mara kumi kwa sekunde: nipo, naitwa fulani, kasi zangu ni hizi, ulinzi wangu ni huu. Mbiu hiyo hupigwa kwa kasi ya chini kabisa ili hata simu kuukuu iliyo mwisho wa korido iisikie. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, mbiu ya baiti 250 inakula zaidi ya milisekunde 2 za hewa. Jina moja halina neno. Majina tisa yanapiga mbiu kama 88 kila sekunde, karibu milisekunde 190 katika kila 1,000. Moja ya tano ya hewa imekwisha kabla mwanafunzi hajafungua ukurasa wowote. Na hewa ni moja: wote wanaosikiana kwenye chaneli moja hupokezana, akisema mmoja wengine wananyamaza. Ghorofa ya chini kulikuwa na AP nyingine kwenye chaneli ile ile, nayo na majina yake tisa.

Nia ya waliotangulia haikuwa mbaya. Walitaka wahasibu wasichanganyike na wanafunzi, na njia pekee waliyoijua ilikuwa kumpa kila mtu mlango wake. Kundi jipya, jina jipya. Jina jipya, nywila mpya. Nywila mpya, karatasi mpya imebandikwa mahali. Ile ya uhasibu fundi aliikuta imeandikwa kwa kalamu ya wino pembeni mwa kalenda ya ukutani, na tarehe chini yake ilionyesha kwamba tangu iandikwe watu watatu wameshaacha kazi. Wote watatu, wakipita barabarani na simu zao, bado walikuwa wahasibu.

Yeye alikuja kuyafuta majina hayo na kubakiza moja. Walimu, wahasibu, wanafunzi, wageni, wote waingie kwa jina hilo hilo, na bado wasionane. Nafundisha hapo vipindi viwili kwa wiki, sina haraka ya kurudi nyumbani, nikaomba kukaa naye. Tulikaa jioni tatu. (Mama wa jikoni alipotuona jioni ya kwanza tumezungukwa na nyaya aliuliza kama wifi amegoma tena. Wengi huku wanaandika hivyo, wifi, na sijawahi kuona sababu ya kuwasahihisha. Ni mtu wa nyumbani ambaye mkikosana, nyumba nzima inajua.)

Kwetu mtu hafiki mlangoni akaingia. Anapiga hodi, wa ndani anauliza, "Nani?", na kila aliyekulia kwenye Kiswahili anaijua kero ya jibu la "mimi". Mimi nani? Mazungumzo hayo ndiyo kiwango kiitwacho 802.1X, kilichopitishwa na wahandisi wa IEEE mwaka 2001. Simu inapiga hodi. AP inauliza nani. Kisha unakuja uzuri wake: AP yenyewe haijui kitu. Ni bawabu aliyewekwa getini bila orodha ya watu. Kila anachoambiwa anakitia kwenye bahasha, anakipeleka ndani kwa seva, anarudi na jibu. Lugha ya bahasha hizo ni RADIUS, na ina umri mkubwa kuliko waifai. Ilitungwa mwaka 1991 na kampuni ya Livingston ya Marekani kwa ajili ya watu waliokuwa wakipiga simu ya mezani ili kuingia mtandaoni. Modemu zile zimekwenda na kelele zake, bahasha bado zinatembea.

Simu iliyopangwa vizuri hujibu "mimi" kwa makusudi. Jibu lake la kwanza linataja nyumba inakotoka tu, jina halitaji, kwa kuwa hewani kuna masikio. Seva inatangulia kutoa cheti chake, simu inakikagua, wanachimba handaki la siri kati yao, na ndani ya handaki ndipo jina na nywila vinatajwa. Bawabu aliyebeba bahasha zote hizo hawezi kusoma kilichomo.

Kwenye cheti fundi hana mchezo. Watu wakiulizwa na simu kama wanakiamini cheti hiki, wanabonyeza ndiyo kama wanavyofukuza inzi. Mtu anaweza kuegesha gari nje ya uzio, akawasha AP yake yenye jina lile lile, na kila simu isiyokagua cheti ikampelekea siri za mwenyewe. Kwa hiyo simu za ofisi zote alizipanga kwa mkono wake, moja moja, na kuzifungia cheti. Mhasibu mkuu alipomwambia anachelewesha kazi, alimjibu kwa upole, "Shikamoo mama, nikimaliza hii tu," na akaendelea kwa mwendo ule ule.

Jioni ya kwanza, watu walipotoka, aliweka kompyuta yake kwenye meza ya mapokezi, akaizima seva ya FreeRADIUS na kuiwasha upya kwa namna inayoifanya iseme kila inachofikiri. Akachukua simu yenye akaunti ya mwalimu, akagusa lile jina moja. Mistari ikaanza kuporomoka kwenye kioo: bahasha imefika, nyumba imetajwa, handaki limechimbwa, nywila imelingana, mtu huyu yuko kundi la walimu. Ikasimama. Akaweka ncha ya kalamu chini ya mistari mitatu.

Tunnel-Type = VLAN
Tunnel-Medium-Type = IEEE-802
Tunnel-Private-Group-Id = "20"

"Hiyo hapo," akasema. Ruhusa ya kuingia ni jambo moja. Mistari hii mitatu inaisindikiza. Wa kwanza, ambao ndani ya bahasha ni namba 13 tu, unasema huyu awekwe kwenye mtandao pepe, yaani VLAN. Wa pili, namba 6, unasema ni mtandao wa ukoo wa 802. Wa tatu ndio wenye anwani ya nyumba: 20. Utaratibu wa kuitumia mistari hiyo hivyo umeandikwa kwenye waraka wa RFC 3580 wa Septemba 2003, na toka siku hiyo haujahitaji kubadilishwa sana. Akachukua simu ya pili yenye akaunti ya mwanafunzi, akagusa jina lile lile chini ya dari lile lile. Mistari ikaporomoka, ikasimama. Safari hii 30.

Simu mbili zikalala juu ya meza, zimeachana kwa upana wa kiganja, zimeshika AP moja na jina moja. Akajaribu kuifanya moja iiite nyingine. Kimya. Akajaribu kinyume chake. Kimya. Huku kwetu mpaka wa kihamba na kihamba, yaani shamba la nyumbani na la jirani, mara nyingi ni mstari wa masale tu. Majani yake unaweza kuyasukuma kwa mkono, lakini hata mtoto anajua havuki. Niliziangalia simu zile kwa muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Mimi ni mtu wa Uru, kwa hiyo mawazo yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji. Asiyefika huku ajue kwamba mito ya Kilimanjaro imejichimbia mabonde marefu: maji yako chini, vihamba viko juu mgongoni. Wazee waliyafuata maji huko huko juu, karibu na msitu, mahali mto na mgongo vinapokaribiana kwa kimo, wakayatoa hapo na kuyatembeza kilomita kadhaa kwa mteremko mdogo ambao jicho haliuoni. Ukoo ulichimba, ukoo ukatunza. Wazungu walipoanza kuandika habari za mlima huu katika karne ya 19 waliikuta mifongo inatiririka. Banio la juu ni mawe, matawi, mabonge ya udongo wenye nyasi na magogo ya migomba. Banio la namna hiyo linavuja, na kuvuja kwake kunawaachia walio chini mtoni maji yao. Mafuriko ya masika yakilibeba, linarudishwa kwa vitu vile vile vilivyo karibu.

Kutoka mfongo mkuu, kila kihamba kina kimlango chake. Zamu ikifika unang'oa bonge la udongo, unaliweka upande wa pili, maji yanageuka. Mtambo wote ni huo. Akili iko kwenye zamu, na zamu haikai kwenye mfereji. Inakaa kwa mzee wa mfongo, anayejua nani alichimba, nani alikuja kwenye kazi ya kusafisha na nani alibaki nyumbani akijifanya mgonjwa. Nikiwa mdogo nilitumwa alfajiri kwenda kutazama kama maji yetu yamefika, na nikikuta bonge limehamishwa sikuthubutu kuligusa. Nilirudi nyumbani kusema, na baba akaenda kwa mzee. Siku hizi kuna kamati, na kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani yenye ofisi zake hapa Moshi, yenye kutoa vibali. Bonge la udongo ni lile lile.

Nilimwambia fundi kwamba AP yake ni bonge la udongo na seva ndiyo mzee wa mfongo. Alicheka. Kesho yake nilimsikia akimweleza hivyo hivyo kijana wake wa mafunzo.

Ila mfano huo una mahali unapokwama, na pale unapokwama ndipo ufundi wa mtandao unapoupita ule wa maji. Maji hayana jina. Ukishayachanganya ya Kimaro na ya Mushi hakuna wa kuyatenganisha, ndiyo maana wazee waligawa kwa saa. Huku, AP ikishaambiwa 20, kila fremu ya simu ile inapoingia kwenye waya inabandikwa chapa ya baiti 4, na ndani ya chapa kuna biti 12 za namba ya nyumba. Biti 12 zinatoa namba 4,096. Ya 0 na ya 4,095 zina kazi nyingine, zinabaki 4,094. Kiwango hicho, 802.1Q, ni cha mwaka 1998. Waya mmoja unaoteremka kutoka darini hadi kwenye kabati la swichi unabeba maji ya watu wote kwa wakati mmoja, yamechanganyika, na bado kila tone linajua kwao. Swichi inasoma chapa, inaibandua, inapeleka. Mzee wangu wa mfongo angekaa chini kuliona hilo.

Jioni ya pili ilikuwa ya shida, na nilijifunza zaidi kwa sababu hiyo. Simu za wanafunzi zilikuwa zinakubaliwa, halafu haziendi popote. Anwani hazipati, kurasa hazifunguki. Fundi hakugusa kitu. Alivuta kiti, akafungua chupa ya chai, akasoma mistari ya seva kuanzia juu kama mtu anayesoma mkataba wa kiwanja. Kijana wake alipendekeza wawashe AP upya. Alimtazama tu.

Baada ya kama nusu saa alicheka peke yake. Namba 30 ilikuwa imetajwa, lakini ilitajwa ndani ya handaki. Seva ina vyumba viwili, cha nje kinachoongea na bawabu na cha ndani kinachoongea na simu kwa siri, na uamuzi wa kundi ulikuwa unafanywa chumba cha ndani na kuishia humo humo. Bawabu aliambiwa "mruhusu" bila kuambiwa ampeleke wapi. Kosa hilo linajulikana sana kwa watu wa kazi hii, na dawa yake ni mistari michache ya kuyatoa majibu ya ndani na kuyapachika kwenye bahasha ya nje. Alipoiandika, simu ya mwanafunzi ilipata anwani kabla hajanyanyua mkono kwenye kibodi.

Kilichonivutia zaidi ni kule simu zile zilikokuwa zimekwenda kabla ya dawa. Zilikuwa kwenye VLAN 999, na 999 haina njia, haina seva, haina intaneti, haina mtu. Kabla ya kumpangia mhasibu au mwalimu mahali pa kukaa, aliwapangia kwanza wale ambao jibu lao halijulikani. Mafundi wengi huacha nafasi hiyo wazi, na mtandao ukipungukiwa na jibu unamtupa mtu kwenye VLAN ya 1, ile inayokuja na swichi kutoka kiwandani, ambako mara nyingi ndiko ziliko swichi zenyewe na milango yake ya usimamizi. Mgeni anaingia kwa bahati mbaya na kukuta yuko chumbani kwa mwenye nyumba. Nikimpima fundi wa mtandao, hapo ndipo ninapomwangalia sasa.

Kuna jingine aliloniambia jioni hiyo akirudisha bisibisi kwenye mkoba. Aliwahi kuitwa kwenye ofisi moja ambako kila kitu kilikuwa kimepangwa sawa: mistari mitatu, chapa, swichi. Lakini simu ya mgeni ilikuwa inajipa anwani ya IPv6 ya mtandao wa fedha. Alitafuta siku mbili. Kisa kilikuwa ufunguo. Hewani, kila simu ina ufunguo wake wa siri na AP, kwa hiyo mazungumzo ya mtu na mtu yako salama. Lakini yapo matangazo ya wote, yanayosimbwa kwa ufunguo mmoja wa kundi. AP ile ya bei rahisi ilikuwa inawapa wote wa jina moja ufunguo mmoja wa kundi, bila kujali namba zao. Ruta ya fedha ikitangaza "mimi ndiye njia," wageni nao wanasikia, wanafungua, wanatii. Waya ulikuwa umetenganishwa, hewa haikutenganishwa. AP inayojua kazi yake humpa kila mtandao pepe ufunguo wake wa kundi. Toka siku hiyo hanunui AP kabla hajaisikiliza hewa yake kwa saa nzima akiwa na akaunti mbili.

Kuhusu vitu visivyo na mdomo nitapita haraka. Printa na kamera haziwezi kujibu "nani?", kwa hiyo zinatambuliwa kwa namba iliyochongwa kiwandani, ambayo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kuiiga. Amezifungia kwenye VLAN 50, ambako printa inaongea na seva ya uchapaji na basi. Julai 2024 watafiti walionyesha kwamba mtu aliyejipenyeza katikati ya waya anaweza kugeuza "hapana" ya RADIUS ikawa "ndiyo", kwa kuwa lugha hiyo bado inaegemea hesabu ya MD5 ya enzi zile. Mazungumzo ya 802.1X yalinusurika kwa sababu tayari yanabeba muhuri wa ziada. Yale ya vitu bubu kama printa hayakuwa na uhakika huo. Yeye anaudai muhuri kwenye kila bahasha, ya mtu na ya printa.

Nilimuuliza kama haya yote ni lazima kwa mji wetu. Akanitajia hospitali. Moshi ni mji wa wagonjwa na wanafunzi. KCMC peke yake, toka ifunguliwe mwaka 1971, imewavuta watu wa kanda nzima ya kaskazini. Fikiria wodi yoyote saa ya kuona wagonjwa: muuguzi ana kompyuta yenye mafaili, shangazi wa mgonjwa ana simu yenye video ya harusi, mashine ya kupima mimba ina waifai yake, na wote watatu wako ndani ya mita tano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde. Sheria haitaji VLAN. Fundi ndiye anayejua kwamba ikifika wodini, sheria hiyo ni namba mbili tofauti kwenye biti 12. Mlimani nako ni hivyo hivyo. Agosti 2022 TTCL ilizindua intaneti ya kasi ya Kilimanjaro, na pale kwenye kambi ya Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, mtalii, mwongozaji na mpagazi wanagawana hewa kidogo ya aina zote mbili.

Tuje kwa wageni wa vyuo, maana hapo kuna kitu ninachokipenda kuliko vyote. Mwaka 2002 Klaas Wierenga wa SURFnet, Uholanzi, alitoa wazo kwamba mwanachuo akitembelea chuo kingine aingie kwa jina na nywila za kwao. Wazo hilo likawa eduroam. Kwetu liko chini ya TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa Tanzania. Kenya wako KENET, Uganda wako RENU. Mwanafunzi wa Kampala akiwa kwenye chuo kilichojiunga, simu yake inapiga hodi na kusema "mimi, wa nyumba fulani ya Uganda". Seva ya hapa haimjui. Inaipandisha bahasha kwa seva ya taifa, inapanda ngazi ya juu, inashukia Uganda, inafika chuoni kwao, na huko kwao ndiko nywila inakokaguliwa. Wenyeji hawaioni kamwe. Jibu linarudi njia ile ile, na mara nyingi mwenye simu hajui kama kuna safari imefanyika.

Sasa, chuo cha Kampala nacho kina mistari yake mitatu. Kwao huyo ni mtu wa 20, na kwao 20 pengine ni wanafunzi. Bahasha ikirudi hapa na namba hiyo ikaachwa ilivyo, mgeni atapelekwa kwenye 20 ya hapa, kwa walimu. Kwa hiyo adabu ya eduroam ni kwamba mwenyeji anaifuta namba iliyokuja na mgeni na kuandika yake. Kwao ndiko wanakosema huyu ni nani. Hapa ndipo tunaposema atalala chumba gani. Fundi aliifunga kanuni hiyo kwenye mstari mmoja na kuiandikia maelezo kwa Kiswahili pembeni: "Mgeni haji na funguo za chumba."

Jioni ya tatu alifanya kitu ambacho kilimtia jasho yule kijana wa mafunzo. Alichomoa waya wa seva. Seva ya pili, iliyokuwa ghorofa ya juu kwenye betri yake, ikashika kazi, na simu zote zikaendelea kana kwamba hakuna aliyefariki. Kisha akaichomoa na ya pili. Simu zilizokuwa ndani zikabaki ndani. Mpya zikagonga, hodi, hodi, bila kuitikiwa. Kijana akauliza kama si bora mlango ufunguke wenyewe seva zikifa, watu wasikwame. Swali zuri, na AP nyingi zinaruhusu. Fundi aliuliza naye: "Usiku umeme umekatika, mlinzi amelala. Geti ulikute wazi au limefungwa?" Kijana akasema limefungwa. "Basi." Akarudisha nyaya zote mbili, akangoja taa za kijani, akapiga picha ya kabati kwa ajili ya kumbukumbu zake.

Asubuhi iliyofuata hakuna aliyesema lolote. Mhasibu mkuu alipita na kikombe chake, mwalimu wa zamu akafungua mahudhurio, wanafunzi wakakaa barazani na simu. Niliitoa yangu nikaitazama. Jina lilikuwa moja.

Ndani ya mlango wa kabati la swichi, kwenye karatasi aliyoifunika kwa selotepu ili isiliwe na unyevu wa masika, ameandika kwa mkono: 10 uhasibu, 20 walimu, 30 wanafunzi, 40 wageni, 50 printa na kamera, 999 hakuna. Hakuna nywila hata moja hapo, na hakuna jina la mtu.

Kesho ukifika kazini, toa simu uhesabu majina. Yakizidi matatu, mtafute fundi wenu, mpe kiti, na umuulize asiyejulikana anapelekwa wapi.